Kuacha pombe ukiwa Dar: AA, NA, kanisani na msikitini, mtandaoni au soba hausi, kipi kinakufaa?

Mtu anayeamua kuacha pombe Dar es Salaam hakosi ushauri. Mama mzazi atamwambia aende kwenye maombi. Rafiki wa kazini atamwambia apunguze tu, abaki na bia mbili za Jumamosi. Shemeji atakuwa amemsikia mtu aliyekaa soba hausi Bagamoyo, nyumba ambayo watu huishi miezi kadhaa wakijifunza kuacha, akatoka mzima. Na pale kituoni, kwenye nguzo ya umeme, kuna karatasi yenye namba ya simu ya mganga. Anachokosa ni mtu wa kumwekea vyote mezani kwa pamoja, pamoja na AA na NA, vikundi vya walevi na waraibu wanaosaidiana kuacha, na kumwambia kila kimoja kinatoa nini, kinadai nini na kinamfaa nani. Ndicho ninachojaribu kufanya hapa.

Niseme mapema kipimo ninachotumia. Wengi huchagua kikundi kwa kuuliza kipi kina nguvu zaidi. Mimi nauliza kipi utaweza kurudi wiki ijayo, na ile inayofuata, mvua ikiwa inanyesha na Barabara ya Mandela haisogei. Kikundi kizuri kilichopo Masaki hakimsaidii mtu wa Chanika anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni. Umbali, saa ya kukutana, lugha na usiri ndivyo vinavyoamua kama mtu ataonekana mara ya pili, na faida ya vikundi vyote hivi huanzia mara ya pili.

Kabla ya kikundi, mwili

Kuna watu ambao kikundi si hatua yao ya kwanza. Ikiwa unakunywa kila siku, asubuhi mikono inatetemeka hadi kikombe cha chai unakishika kwa viganja viwili, na mtetemo huo hautulii mpaka uzimue, yaani unywe tena, basi mwili wako umeizoea pombe kiasi kwamba kuiacha ghafla ni hatari. Jambo hili halisemwi vya kutosha mitaani kwetu. Mtu wa unga (heroini) akiacha, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa kilevi, humtesa vibaya, lakini kwa kawaida haimuui. Arosto ya pombe inaweza kuua.

Inakwenda hivi. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 6 hadi 12 tangu glasi ya mwisho. Degedege, kwa anayepatwa nayo, mara nyingi huja kati ya saa 6 na saa 48. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, baadhi ya watu huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, hawajui wapo wapi, homa na presha vinapanda. Nyumbani watasema karogwa, au mapepo yamepanda. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Hafungiwi chumbani mpaka atulie, wala hasubiri ibada ya Jumapili. Hospitali watampa dawa za kutuliza na kuzipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa na vitamini hiyo na ubongo unaweza kuharibika.

Ndiyo maana nina wasiwasi na siku za kwanza za Ramadhani na za Kwaresima. Kuna watu wazima wengi Dar ambao huacha pombe mwezi wa mfungo, wakarudi baa Iddi pili au Jumatatu ya Pasaka, na kila mwaka hutumia mwezi huo kuwaambia wake zao kwamba wao si walevi, mbona wakitaka wanaacha. Kwa mnywaji wa wikiendi kuacha hivyo hakuna tatizo la kiafya. Kwa anayezimua kila asubuhi, kuacha ghafla usiku wa kuandama mwezi bila kumwona daktari ni kujiweka kwenye hatari niliyoieleza hapo juu. Mwone daktari wiki moja kabla.

Pa kwenda papo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, zina huduma hiyo pia. Usiogope jina la kliniki. Ulevi hutibiwa hapo kila siku. Ila usichanganye na foleni ya dozi. Methadoni inayotolewa Muhimbili tangu 2011, na baadaye Mwananyamala na Temeke, ni ya watu wa heroini. Pombe haina dozi ya namna hiyo, na nimeona ndugu wakimpeleka mtu wao dirisha lisilo lake, akaambiwa huduma hii si yake, akarudi nyumbani akiamini hospitali haina msaada kwa mlevi. Mapokezi sema wazi: nimekuja kwa ajili ya pombe, nataka afya ya akili.

Ukifika, omba upimwe kwa dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Ni maswali 10, alama kuanzia 0 hadi 40. Ukipata 8 au zaidi, unywaji wako tayari una madhara au unaelekea huko. Ukifika 20 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa ni utegemezi. Dodoso hili limeshajaribiwa kwa Kiswahili cha Tanzania kule hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo maswali yake si mageni kwa maisha yetu. Na kama huna pa kuanzia kabisa, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

AA na NA: ndugu wawili wasiofanana

AA (Alcoholics Anonymous) ilianza Juni 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, baada ya dalali wa hisa kutoka New York na daktari wa upasuaji, wote wawili walevi, kugundua kwamba wakizungumza wao kwa wao, siku ile hawanywi. NA (Narcotics Anonymous) ilizaliwa California mwaka 1953. Ilichukua hatua 12 zilezile za kupona za AA ikabadilisha jambo moja kubwa: badala ya kusema hatuna uwezo mbele ya pombe, NA inasema hatuna uwezo mbele ya uraibu wetu. Kwao pombe ni dawa ya kulevya kama nyingine yoyote, na anayetaka kupona anaacha zote.

Yanayofanana ni mengi. Hakuna ada wala fomu ya kujiandikisha. Huulizwi dini, kabila wala kazi. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha. Kikapu kinapita, mwenye elfu moja anaweka, asiye nayo anakipitisha kwa jirani na hakuna anayemtazama. Vikundi hivi havipokei fedha za wafadhili, kwa hiyo asije mtu akitegemea posho ya kuhudhuria wala karatasi ya kusaini kama tulivyozoea kwenye semina. Kodi ya chumba na chai hutoka kwenye kikapu kilekile.

Ndani huwa hivi. Viti vya plastiki vimepangwa duara au safu, aliyeshika zamu anafungua kwa kusoma maneno mafupi, mwingine anasoma hatua. Kisha mmoja mmoja: naitwa fulani, mimi ni mlevi. Wote wanamsalimu kwa jina. Anazungumza dakika tatu, nne, anamaliza, wanasema asante. Kisha anafuata mwingine, na hakuna anayemjibu yule wa kwanza. Hili ndilo humshangaza Mtanzania. Sisi tumelelewa kwenye vikao ambavyo mtu akieleza tatizo lake, mjomba anakohoa, anatoa nasaha, shangazi anaongeza, kikao kinafikia uamuzi. Hapa hakuna uamuzi. Unasema ulichonacho, kinabaki hapo, na unayoyasikia kwa wengine unayaacha hapohapo. Kwa mtu ambaye miaka yote amekuwa akiwekwa vikao na ukoo juu ya pombe yake, kusema jambo bila kuhukumiwa ni kitu kipya kabisa, na nimesikia zaidi ya mtu mmoja akisema ndicho kilichomrudisha wiki iliyofuata.

Kama unataka ushahidi, upo. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, na ikaonekana kwamba mtu anayeunganishwa vizuri na AA kwa programu iliyopangwa ana nafasi sawa au kubwa zaidi ya kubaki bila kunywa kuliko anayepata tiba nyingine za mazungumzo. Tafiti hizo zimefanyika zaidi Marekani, wala hazisemi AA ni dawa ya kila mtu. Zinatosha kuondoa dhana kwamba kukaa kwenye viti na kuongea ni kupoteza muda.

Sasa tofauti, kwa mtu wa Dar.

Ya kwanza ni lugha na watu utakaowakuta. Mkutano wenye wageni wengi kutoka nje utaelekea kwenye Kiingereza, na kuna mambo mtu hawezi kuyasema kwa Kiingereza hata kama ofisini anakitumia kutwa. Fedheha ya kukojoa kitandani ukiwa na watoto wakubwa utaisema kwa lugha ya nyumbani au hutaisema. Kabla ya kutoka, uliza: mkutano unaendeshwa kwa lugha gani? Kwa upande wa NA, wengi wamepitia soba hausi au mtaa wa unga, na Kiswahili ndicho kinachotawala. Utasikia watu wakisema nipo klini (bila kilevi chochote) mwaka wa tatu, utasikia habari za kijiwe, za kuuza vyombo vya ndani, za kulala stendi.

Hapo ndipo wanywaji wengi hukwama. Mtu ana kazi benki, au ni mwalimu, anakunywa konyagi tu, anaingia chumba cha NA na kusikia habari za sindano. Anatoka akisema mimi si teja, sikai na mateja. Naielewa hisia hiyo, lakini naomba mtu asiiruhusu imwamulie. Keti mpaka mwisho na sikiliza yanayofanana: kudanganya nyumbani, kukopa, kuapa asubuhi na kuvunja jioni, kujificha. Nimewaona watu wa pombe tupu wakiota mizizi NA kwa sababu tu ilikuwa karibu na kwao na walizungumza wanavyozungumza mtaani. Kinyume chake pia nimekiona: aliyejaribu NA mara kadhaa akajikuta kila wiki anajilinganisha na kujiona nafuu, mpaka akajishawishi kwamba yake si ugonjwa. Huyo AA inamfaa zaidi, kwa sababu pale kila hadithi inahusu chupa na hana pa kujificha.

Ya pili ni wingi wa mikutano. Kuna desturi ya Marekani inayomtaka mgeni ahudhurie mikutano 90 ndani ya siku 90. Katika miji yenye mkutano kila kona inawezekana. Hapa utapata mikutano michache kwa wiki, na ukijumlisha nauli za daladala mbili kwenda na mbili kurudi, hata hiyo michache inahitaji mpango. Usijilaumu kwa kutofikia hesabu za watu wengine. Chukua ile iliyopo, kisha jazia kwa simu na mtandao.

Kuipata si vigumu kama watu wanavyodhani. Tovuti rasmi za AA na NA zina orodha kwa nchi na mji. Orodha huzeeka na ukumbi hubadilika, kwa hiyo andika ujumbe siku moja kabla, usubiri jibu, ndipo upande gari. Njia ya pili, ambayo mimi naiamini zaidi, ni kumuuliza muuguzi au mshauri wa kliniki ya afya ya akili, au kupiga simu soba hausi yoyote na kuuliza mikutano ya nje hufanyika wapi, hata kama huna mpango wa kulala kwao. Usishtuke ukielekezwa ukumbi wa kanisa. Wanapanga chumba tu. Muislamu anaingia, anakaa, anatoka, hakuna anayemhubiria.

Ukishaenda mara kadhaa, tafuta mdhamini, yaani mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa ambaye utampigia pale hamu inapokushika. Mwanamke atafute mwanamke, mwanaume atafute mwanaume. Hii ni desturi ya siku nyingi katika vikundi vyote viwili na ina sababu.

Kanisani na msikitini

Kwa umbali, dini inashinda kila kitu. Hakuna mtaa wa Dar usio na msikiti, na jumuiya ndogondogo za Wakatoliki hukutana nyumba hadi nyumba. Huhitaji nauli. Na kwa watu wengi, sababu ya kuacha ni ya kiimani hasa: Muislamu anajua ilivyosema sura ya Al-Maida, aya ya 90, na mlokole anajua alichoahidi siku aliyookoka.

Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi ya kusema nimeanguka. Kwenye AA mtu akinywa Jumamosi anakuja Jumatatu, anasema, anaanza upya siku ya kwanza, anapigiwa makofi. Kanisani aliyetoa ushuhuda wa kufunguliwa mbele ya watu mia mbili, akanywa wiki ya tatu, mara nyingi haonekani tena. Anaona aibu mbele ya mchungaji, anaona amemwaibisha hata Mungu. Kwa Muislamu usiri ni mzito zaidi, maana kukiri tu kwamba unakunywa ni fedheha kwa ukoo mzima, na wengi hunywa mbali na mtaa wao kwa sababu hiyo.

Hivyo nasema hivi: kama una padri, mchungaji au shehe anayejua kutunza siri na haogopi neno ulevi, mweleze, na umwombe awe upande wako unapohudhuria kikundi kingine pia. Hatua 12 zinamtaja Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa, na sijaona zinapogombana na swala wala na rozari. Kuna makanisa yenye programu maalumu, kama Celebrate Recovery iliyoanzia California mwaka 1991, ambayo huunganisha hatua hizo na Biblia. Ukiikuta karibu na unaamini hivyo, ni njia nzuri. Ninachokataa ni kiongozi anayemwambia mgonjwa atupe dawa za hospitali kwa kuwa amepona kwa imani. Huyo mkimbie.

Na mwezi wa mfungo, ambao nimeutolea tahadhari hapo juu, una upande wake mzuri. Rafiki wa baa haji kukugongea, nyumbani kuna futari, jioni ina shughuli. Ukiwa umeonwa na daktari, ni wakati mzuri wa kuanza kuhudhuria kikundi, ili Iddi ikifika uwe tayari una watu wa kuwapigia. Uliza tu kama saa ya mkutano imesogezwa kupisha magharibi.

Mtandaoni

Hapa usiri ni mkubwa na nauli ni bando. AA na NA zina mikutano ya video na ya sauti usiku na mchana, na ipo SMART Recovery, iliyoanza Marekani mwaka 1994, kwa anayetaka njia isiyogusa dini. Wao hufundisha mbinu za kushughulika na hamu, mawazo na tabia, wala hawakutaki ujiite mlevi. Kwa mtu anayependa kufanya mazoezi ya kuandika na kupanga, ni nzuri sana. Ila utahitaji Kiingereza.

Zingatia tofauti ya saa. Mkutano wa saa 1 jioni London kwetu ni saa 3 usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa 4 usiku majira yao ya baridi. Wa saa 6 mchana New York kwetu ni saa 1 au saa 2 usiku. Na Nairobi tunatumia saa ileile, na vikundi vya AA vya huko vimeota mizizi siku nyingi. Mtanzania atajisikia nyumbani zaidi akiwasikiliza jirani kuliko akimsikiliza mtu wa Texas.

Magrupu ya WhatsApp niyaseme kando. Yanasaidia saa nane za usiku pale usingizi unapokataa, na kwa mtu wa Mbagala Chamazi yanaweza kuwa ndiyo msaada pekee wa katikati ya wiki. Lakini namba yako inaonekana kwa kila mwanachama, na picha ya ujumbe hupigwa ndani ya sekunde moja. Tumia laini nyingine, ondoa picha yako, usiandike jina la ofisi. Na grupu ambalo kiongozi wake anauza dawa za asili humohumo, toka siku hiyohiyo.

Mtandao unakosa kitu kimoja: mtu wa kunusa harufu mdomoni mwako. Mwenye chumba cha kufungia mlango anaweza kuhudhuria akiwa na glasi mezani, na wapo wanaofanya hivyo kwa miezi. Kwa hiyo nauweka mtandao kama nyongeza. Anayeishi mbali, mama mwenye kichanga, mtu wa zamu za usiku, hao waanzie hapo bila kusita, kisha watafute hata mkutano mmoja wa ana kwa ana kwa mwezi.

Soba hausi

Jina la serikali ni nyumba ya upataji nafuu. Zipo Kigamboni, Bagamoyo, Unguja na kwingineko. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya watu wa heroini na huendeshwa na waliopona wenyewe, kwa hatua 12. Unalala humo miezi kadhaa, unaamka kwa ratiba, mnapika, mnafanya usafi, mnakutana asubuhi na jioni. Kwa mtu ambaye anaishi juu ya baa, au nyumbani kwao wanauza gongo au mbege, au ameshajaribu vikundi akaanguka na kuanguka, hakuna kingine kinachomtoa kwenye mazingira hayo.

Gharama yake ni kubwa kwa njia mbili: ada ya mwezi, ambayo hutofautiana sana, na kazi unayoweza kuipoteza. Kabla ya kulipa, mtu wa familia aende akaone kwa macho. Aulize kama imesajiliwa. Aulize nani huwaangalia wanaotoka kwenye arosto ya pombe, kuna muuguzi au wanapelekwa hospitali gani? Aulize kama ndugu wanaruhusiwa kutembelea na kupiga simu. Aombe kuona wanapolala. Nyumba inayofunga watu minyororo, inayopiga, au isiyotaka uonane na mgonjwa wako faragha, hata kama ni ya bei nafuu, ondoka naye. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ndiyo yenye mwongozo wa nyumba hizi, na namba yake ya bure ni 119.

Na ukitoka soba hausi bila kikundi cha kwenda mtaani kwako, kazi imebaki nusu. Siku ya kutoka ijulikane tayari ni mkutano upi na saa ngapi.

Zile karatasi za kwenye nguzo

Kwa ufupi: sizipendekezi. Hujui kilichomo ndani ya chupa, na baadhi ya wauzaji humshauri mke amtilie mume kwenye chakula bila kumwambia. Dawa yoyote ya kumfanya mtu aumwe akinywa inahitaji ridhaa yake na daktari wa kuangalia moyo na ini. Shem, mama, dada, tafadhali usifanye hivyo hata kwa nia njema.

Wanawake, na walio nyumbani

Mwanamke anayekunywa Dar hujificha kuliko mwanaume, maana jina atakalopewa mtaani ni baya zaidi. Akiingia chumba chenye wanaume ishirini, wengine wakimwomba namba, hatarudi. Ningemshauri aanzie mkutano wa wanawake wa mtandaoni, apate wenzake wawili watatu, ndipo aende wa ana kwa ana akiwa na mtu. Au amwone kwanza mshauri wa kike hospitali.

Wenye ndugu mlevi nao wana kikundi chao. Al-Anon ilianza 1951, na msimamo wake ni kwamba ulevi wa ndugu yako hukuusababisha, huwezi kuudhibiti, wala huwezi kuuponya. Mke anayelipa madeni ya baa na kupiga simu ofisini kusema baba ana malaria anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa wake wengine waliopita hapo. Mikutano ipo mtandaoni. Pia mikutano ya wazi ya AA humruhusu ndugu kuingia na kusikiliza, tofauti na ile iliyofungwa ambayo ni ya wanaotaka kuacha tu. Uliza ni upi kabla ya kufika.

Ningechagua hivi

Unayezimua asubuhi: hospitali kwanza, kikundi wiki hiyohiyo. Mwenye kazi, anayekunywa jioni na wikiendi, anayezungumza Kiswahili zaidi: mkutano wowote wa karibu, AA au NA, bila kuchagua jina. Mwenye cheo anayeogopa kuonekana: mtandaoni mwezi wa kwanza, na baada ya hapo mkutano wa upande wa pili wa jiji, mtu wa Tegeta aende Temeke. Asiyetaka habari za Mungu: SMART Recovery kama Kiingereza si tatizo, la sivyo kliniki. Aliyeanguka mara nyingi na nyumbani pana pombe: soba hausi, baada ya kuikagua.

Jambo la mwisho ni siku ya wiki. Kwetu pombe ina kalenda: Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, siku ya mpira Simba na Yanga, harusi za Jumamosi. Ukipata kikundi kinachokutana Jumanne pekee, kihudhurie, kisha tafuta cha pili cha Ijumaa, hata kama ni cha mtandaoni cha saa moja tu. Na ile siku ya mshahara, panga mapema nani utakuwa naye kuanzia saa kumi na moja jioni, umpigie mchana kumkumbusha, na pesa ya nyumbani uitume kabla hujatoka ofisini.